Nyumba ya Wakwe na Mbwa wa Baba

Mjukuu wangu anayeishi Tororo mjini ana sebule isiyokaliwa. Viti bado vimevaa nailoni viliyotoka nayo dukani, mapazia yamefungwa, zulia limekunjwa pembeni, na sisi wazee wa ukoo tunapitishwa mlango wa nyuma na kuketishwa jikoni kwenye stuli. Mwezi uliopita tulikusanyika huko, wa Busia na wa Nabuyoga na hata waliotoka mbali, kwa sababu binti yake amepata mchumba na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Nilipojivuta kwenda kunyoosha miguu yangu kwenye kochi, mjukuu akanishika mkono kwa adabu sana. "Nyanya, huko ni kwa wageni. Hakuna mtu amekaa huko tangu tulipopaka rangi." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wakanipiga mgongo, wakaleta maji, mmoja akaanza kutafuta dawa zangu za presha. Nikawaambia siumwi, ila nimekumbuka viroboto. Hapo ndipo walipoamini kweli naumwa.

Basi nikawasimulia, kuanzia sahani zikioshwa mpaka zilipokauka, na yule binti mwenye mchumba akanitaka niandike, kwa kuwa alicheka sana akasahau katikati. Naandika. Ila asije akadhani kwamba namwandikia kichekesho tu. Mwaka ule nilikuwa karibu kumkosa babu yao mkubwa, na wao wote waliojaa jikoni mle wakila karanga za watu wasingekuwapo.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Kiwanda cha saruji kilikuwa kipya chini ya Mwamba wa Tororo, na watu waliokwenda sokoni Tororo walikuwa bado wanasimama njiani kutazama moshi wake. Sisi tulikaa Nabuyoga, mahali ambapo mashamba yaliishia na msitu ukaanza. Mivule mikubwa ilisimama nyuma ya jiko letu, chini yake vichaka, na ndani ya vichaka kila kinachouma. Kupe walining'inia kwenye ncha za nyasi wakisubiri apite mwenye damu. Ukienda kuokota kuni asubuhi, jioni unajikagua nyuma ya magoti na kwapani. Ng'ombe walipelekwa josho la serikali kuogeshwa dawa ya kupe. Baba aliwahi kujaribu kumwingiza mbwa wake humo pamoja nao, na mwangalizi wa josho akamfukuza kwa fimbo, yeye na mbwa. Ilikuwa bahati, maana dawa ile ilikuwa sumu, na mbwa hujilamba.

Mbwa huyo alikuwa jike, rangi ya mchanga, masikio makubwa, na aliitwa Watasema. Baba alimpata kwa kubadilishana na mbuzi mzima, majirani wakamcheka, na yeye akajibu kwa kumpa jina. Alikuwa hodari wa ndezi, wale panya wakubwa wa kwenye matete, na nyama ya ndezi iliyokaushwa moshini, ikapikwa na simsim, yaani ufuta, ikaliwa na ugali wa wimbi, sijaona hoteli inayoifikia. Lakini kwa baba, Mzee Owora, Watasema alikuwa na kazi nyingine. Baba alikuwa mcheshi mbele ya wazee wenzake, lakini kwangu mimi, msichana aliyekwisha kukua, aibu ilimshika. Kila jioni, mbwa akirudi msituni, tulikaa mlangoni pa jiko, mbwa katikati yetu. Baba alimshika masikio, mimi nikawang'oa kupe na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Na hapo baba alikuwa akizungumza, lakini na mbwa. "Watasema, mwambie dada yako mboga ya leo imekolea." Au, "Watasema, yule kijana wa stesheni amepita tena hapa na baiskeli. Kwani Tororo hakuna njia nyingine?" Mimi nami nilimjibu mbwa. "Mwambie baba, njia nyingine ina matope." Mama alikuwa akitusikia kutoka ndani, akitikisa kichwa.

Kijana mwenye baiskeli alikuwa Wandera. Alikuwa Msamia kutoka Busia, upande wa Kenya, akifanya kazi stesheni ya Tororo kupakia marobota ya pamba. Tulikutana sokoni kwenye ugomvi wa kipimo cha chumvi, mimi nikimwambia muuzaji ameniibia, yeye akicheka pembeni. Yeye hakujua Kidhopadhola, lugha yetu, mimi sikujua Kisamia, tukachumbiana kwa Kiswahili cha sokoni, na mpaka leo nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili. Baba yake alikuwa amefariki. Kwa hiyo mwenye neno kwao alikuwa mama yake, Mama Nabwire, mjane aliyelea watoto na mbuzi peke yake na ambaye Wandera mwenyewe, mwanamume mzima wa kubeba marobota, alipomtaja alipunguza sauti. Ilisemwa kwamba angekuja mwenyewe kuona nyumba na watu, pamoja na mjomba wa Wandera, Mzee Ouma, baada ya mavuno ya wimbi.

Mama alishika hatamu. Tulikuwa na nyumba ya pembe nne iliyojengwa kwa ajili ya mambo kama hayo, mbali kidogo na nyumba za duara tulizolala. Tuliisiriba kwa samadi na udongo mweusi mpaka sakafu ikang'aa. Tukapanga viti, tukavifunika vitambaa vyeupe alivyofuma mama kwa mkono wake, na mbele ya viti tukatandika ngozi ya ng'ombe. Kisha mama akafunga mlango, akafunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akatangaza kwamba nyumba ya wakwe haikanyagwi kabla wakwe hawajakanyaga. Ni desturi, na kila mtu aliikubali. Kuku aliyekaribia mlango alirushiwa kuni. Nyumba ikakaa imefungwa mpaka wimbi likavunwa, likakauka, likapigwa. Tulipita mbele yake tukinyata. Nilijivunia sana usafi ule usioonekana na mtu.

Siku yao ilipofika, jua lilikuwa zuri na mimi nilikuwa nimepakwa mafuta mpaka nzi wakateleza. Mwari haonekani, kwa hiyo niliwekwa chumba cha nyuma cha nyumba ile, chenye mlango wake, nikatazama kupitia ukuta wa matete pamoja na Shangazi Akoth, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mtu mnene, mwenye cheko la chinichini, aliyewahi kuolewa mara mbili na kurudi mara mbili, na alisema anarudi kwa sababu kwao kuna mboga nzuri zaidi. Mama akafungua mlango. Wageni wakaingia, wakakaa. Mama Nabwire alikuwa mrefu, mkavu, kilemba cheupe, mikono juu ya magoti. Baba akaomba kila mtu afumbe macho, akaanza sala.

Asiyejua lazima aelewe jambo moja. Mbele ya wakwe mtu hajikuni. Hapigi miayo, hanyooshi miguu, hatazami mtu usoni, na akiumwa na kitu anakubali kuumwa. Baba alikuwa bado anawaombea mababu wa kwao na wa kwetu nilipomwona Mzee Ouma akifumbua jicho moja. Akasugua kifundo cha mguu kwa kisigino cha mguu mwingine, polepole, kwa heshima. Akabadilisha. Kisha paja lake likaruka peke yake. Mama Nabwire hakusogea, lakini mikono yake juu ya magoti ilikunja ngumi, na shingo yake ikaanza kupata jasho. Baba alipofika kwenye kuombea safari, Mzee Ouma akasema "Amina" kwa sauti kubwa, ingawa sala ilikuwa bado. Baba akaendelea. Mzee Ouma akasema tena "Amina, mzee, amina kabisa!" Hapo Mama Nabwire akainuka. "Naomba kutoka nje kidogo," akasema, na akatoka kwa hatua ambazo mtu hatumii akiwa ametulia. Shangazi alizunguka kumfuata. Aliniambia baadaye kwamba alimkuta nyuma ya ghala la nafaka amekunja gauni mpaka kiunoni, akijipiga mapaja kama anayepura wimbi.

Kuku wawili walikuwa wameiva. Firigisi ya Mzee Ouma, kipande cha heshima, ilikuwa imewekwa kwenye kibakuli chake. Lakini Mama Nabwire hakurudi kukaa. Alisimama mlangoni, akasema, "Tumeona nyumba. Tutatuma habari," na wakaondoka bila kugusa chakula. Kwetu mgeni akiacha kuku mezani ni afadhali angekutukana. Mama alikaa juu ya kinu akalia. Mimi sikulia mpaka Wandera alipokuja na ile habari, akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Alijaribu kusema kwa uso wa huzuni, lakini mdomo wake ulikuwa unamsaliti. "Mama anasema," akasema, "mahari ni sisi naleta mifugo. Lakini nyinyi mumetangulia kutupatia ya kwenu, imefika mpaka Busia kwa nguo." Baba alitazama chini. Kisha Wandera akaacha kucheka. Akasema mama yake atakuja mara moja tu tena, Krismasi, na nyumba ikiwa vile vile, kuna msichana wa jirani zao huko kwao, na maneno yameisha.

Usiku huo huo baraza la wajomba lilipata mkosaji. Alikuwa mbwa. Nani mwingine anaingia msituni na kurudi amebeba kila kidudu? Wakasema afungwe kamba apelekwe mbali, au atafutiwe mkuki. Baba alikaa akisikiliza, sahani yake mbele yake, ugali umeota ngozi. Alisema neno moja tu. "Mbwa huyu hulala jikoni. Jikoni tunakaa sote. Nani anajikuna jikoni?" Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mtu anayetetea mbwa wake husikilizwa kama mlevi. Mimi nilimsikia. Nilikuwa nimekaa pale pale jikoni, Watasema amelaza kidevu kwenye mguu wangu, na mguu wangu ulikuwa mzima.

Asubuhi nikamwambia Shangazi. Hakubishana. Alimwendea mama, akamwomba ufunguo akidai anakwenda kutoa vitambaa vikafuliwe, akaingia nyumba ya wakwe akiwa amepandisha nguo, akasimama katikati ya sakafu ile iliyong'aa, akapigapiga miguu kidogo. Alitoka mbio. Miguu yake, ambayo ni minene na ya maji ya kunde, ilikuwa na madoa meusi yanayoruka. Tuliyakung'uta kwa maji ya majivu huku akicheka na kulaani. Kisha akakaa chini akafikiri, jambo alilolifanya kwa mdomo wazi. "Athieno," akaniambia, "hawa wanangoja mguu. Jikoni tunakanyaga, tunafagia, tunamwaga maji, moshi upo, hawapati nafasi hata ya kulea watoto. Kule tumewafungia mlango, tumewapa utulivu. Wamelala njaa tangu tuliposiriba, wakizaana kwenye nyufa na chini ya ile ngozi. Wakisikia mtu ameingia, kwao ni sikukuu." Nikauliza tufanye nini. Akasema ni lazima nyumba ikanyagwe, kila siku, mpaka waamke wote waishe. Tukatazamana. Tulijua mama atasema nini.

Mama alisema hivyo hivyo. Nyumba ya wakwe haikaliwi. Afadhali tuisiribe tena mara mbili, tufukize pilipili, tumwondoe mbwa, lakini ikifungwa ibaki imefungwa, maana mkwe akikalia kiti kilichokaliwa na wenyeji, hiyo ni dharau kuliko kiroboto. Sikumlaumu mama. Alikuwa ameshika alichoachiwa na mama yake. Lakini alikubali Shangazi ashike ufunguo kwa kazi ya kusiriba, na mama alikuwa mtu wa shamba, anatoka umande ukiwa bado juu ya majani na kurudi jua likiwa kichwani. Basi kati ya umande na jua, nyumba ya wakwe ikawa yetu.

Naikumbuka kazi ile kwa furaha ambayo siwezi kuwaeleza vizuri wenye sebule za nailoni. Kwanza tulitoa kila kitu kwenye jua, na ile ngozi ya ng'ombe tukaitupa kwenye njia ya siafu, wakaikagua. Tulimwaga maji sakafuni, tukafagia nyufa kwa ufagio mgumu, tukazijaza udongo, tukarudisha viti. Kisha nikamwita Watasema. Mguu wa mtu huwaamsha viroboto, lakini mbwa mwenye manyoya huwachukua. Nilimtembeza ukuta hadi ukuta, na Shangazi nyuma yetu akikanyaga kwa vishindo, na kwa kuwa yeye hawezi kukanyaga bila kuimba, ikawa ngoma. Tulicheza kwenye nyumba ya wakwe mbele ya viti vya wakwe! Halafu mbio nje, mpaka kwenye pipa la maji ya majani ya tumbaku yaliyochemshwa na kupozwa. Mbwa haoshwi kuanzia mgongoni. Unaanza shingoni, unamvisha pete ya povu la sabuni ya mche, kwa sababu viroboto wakiona maji hukimbilia kichwani na masikioni, na ukishawafungia njia hiyo wamekwisha. Nilijifunza hilo baada ya kukosea, mbwa akajikuna uso siku nzima. Ukimaliza unamsuuza vizuri asijilambe tumbaku, unamkausha juani, unamchana kwa kitana. Nyasi zake za kulalia tulizichoma na kutandika mpya. Kisha tunasiriba pale palipokanyagwa, tunafunga mlango, na Shangazi anakwenda kumpokea mama mzigo akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kwenye maombi.

Mwanzoni mbwa alitoka mle akiwa amejaa. Baadaye kidogo tu. Ili atulie ndani muda wa kutosha, nilimpa makoko ya ugali, na yeye akajichagulia mahali, kiti kikubwa kilichokuwa karibu na dirisha, jua linapoingia. Alipanda, akajizungusha, akajikunja. Nilimwacha. Nilikuwa namtazama tu kama atajikuna.

Baba hakujua habari za nyumba ya wakwe, au alijifanya hajui. Lakini baada ya baraza lile alichukua panga na kuingia kwenye kichaka kilichokuwa nyuma ya jiko. Alikata, akachoma, akahamisha rundo la kuni mbali na kuta, mpaka kati ya boma na msitu pakawa na uwanja mtupu uliofagiwa, ambao kupe hawezi kuuvuka bila kuonwa na kuku. Hakuna aliyemwomba. Jioni, mikono yake ikiwa na malengelenge, alishika masikio ya Watasema kama kawaida, na mimi nikatafuta kupe, na safari hii nikatafuta sana kabla sijapata. "Watasema," baba akasema, "naona dada yako anakuosha sana siku hizi. Anataka kwenda kweli." Nikajibu, "Mwambie baba, ndiyo. Anataka." Kopo la mafuta ya taa lilikuwa karibu tupu. "Basi," akamwambia mbwa, "tusimzuie." Nilitaka kumwambia yeye mwenyewe kitu, uso kwa uso, lakini sikujua maneno hayo yanaanzia wapi. Nikaendelea kuchana mkia.

Krismasi ikafika. Nyumba ya pembe nne ilikuwa safi, na Shangazi alikuwa amekaa ndani asubuhi nzima miguu wazi, asiumwe na kitu ila usingizi. Wageni wakaja wale wale. Mzee Ouma alikuwa amevaa soksi ndefu za mzungu fulani na suruali ameiingiza ndani ya soksi. Mama Nabwire alisimama mlangoni, akatazama sakafu kama mtu anayetazama mto kabla hajavuka. Baba akawakaribisha ndani, na kwa kuwa sisi na wao hatukuwa na lugha moja, alisema kwa Kiswahili chake. "Karibuni, karibuni. Hii nyumba, tangu wanawake nasiriba, hakuna mutu amekanyaga. Kiti hakuna mutu amekalia. Ilikuwa nangoja nyinyi tu." Mama yangu alisimama pembeni ameinua kidevu. Nyuma ya matete, Shangazi alifumba macho.

Mama Nabwire alikwenda kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha. Alikuwa bado anakusanya gauni ili akae, Watasema alipoingia. Hakukimbia. Alitembea kama mwenye nyumba, akapita kati ya Mzee Ouma na baba, akapanda juu ya kile kiti, juu ya kitambaa cheupe cha mama, akajizungusha, akajikunja, akaweka kidevu kwenye mkono wa kiti, akanitazama moja kwa moja kupitia matete, akingoja koko lake la ugali.

Baba alibaki na mdomo wazi. Mama alikuwa akimtafuta Shangazi kwa macho ukutani. Mimi niliona pale pale maisha yangu yakirudi Busia bila mimi. Mama Nabwire alimtazama mbwa, kisha akamtazama baba. "Hakuna mutu amekanyaga," akasema. "Nasikia. Na huyu naye ni mkwe ya upande gani?" Akainama. Akafunua sikio la Watasema, akatazama ndani. Akafunua la pili. Akapekua tumbo, akatenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja kwa mikono ya mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote. Mzee Ouma, polepole, alichomoa suruali kutoka kwenye soksi na kujichungulia mguu. Mguu ulikuwa mguu.

"Nani anaosha hii mbwa?" Mama Nabwire akauliza. Shangazi hakuvumilia tena. Akatoka nyuma ya ukuta, akapiga goti. "Mama, ni mutoto. Yeye na hii mbwa walikanyaga hapa kila siku, mimi napiga ngoma, mpaka kiroboto kikaisha. Nyumba ikifungwa, viroboto nangojea mugeni. Tukaona bora wale sisi. Kama ni makosa, ya mimi. Mama yake hakujua." Mama yangu alijifunika uso kwa khanga. Mama Nabwire alibaki ameinama, mkono wake bado juu ya shingo ya mbwa. Kisha akaanza kutikisika mabega, na nikadhani ni hasira, mpaka nikasikia cheko. "Mimi pia," akasema, "wakati binti yangu mukubwa aliposwa, nilifunga nyumba. Nikafunga kabisa kabisa. Wakwe wakaja, wakajikuna, wakaenda, hawakurudi. Miaka yote nilisema wao ndio walikuja nayo." Akafuta macho. Akaenda kukaa kiti kingine, akamwacha Watasema kwenye kile kikubwa. "Omba, mzee," akamwambia baba. "Safari hii omba mpaka mwisho."

Baba akaomba mpaka mwisho. Wakala. Mama Nabwire, kwa kuwa wakati ule wanawake hatukula kuku, alipewa samaki mkavu kwa simsim, na akaongeza. Habari yangu ilimalizwa kabla chai haijapoa. Nani alimtaka nani, ndiyo, mifugo itakuja lini, ndiyo. Nilianza kuona kama nimeuzwa rahisi. Kisha Mama Nabwire akasema, "Neno moja imebaki. Kwangu iko kichaka, iko mbuzi, iko kupe. Nataka msichana aje na mbwa yake."

Baba alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani akaacha. Alitoa mbuzi wawili badala yake. Akakataliwa. Alisema mbwa ni mzee, ingawa hakuwa mzee, alisema ni mkorofi, ingawa alikuwa amelala mbele yao kama mtoto. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, jua likaingia nyuma ya mivule. Mzee Ouma alisinzia. Mimi nyuma ya matete nilikaa nikiumia, nasema waziwazi niliumia, kwamba baba yangu alinitoa kwa kikombe kimoja cha chai na sasa anapigania mbwa mpaka jioni. "Mama," akasema mwishowe, "nyinyi nachukua yule anaosha. Niachieni yule anaoshwa." Mama Nabwire akauliza kwa nini, mbwa si mbwa tu? Baba hakumtazama. Aliutazama mkono wake mwenyewe. "Mimi na mutoto yangu," akasema, "maneno yetu yote napita kwa hii mbwa. Mukichukua wote wawili, nitasema na nani?"

Shangazi alinishika mkono. Nilikuwa nimeuma khanga yangu ili nisisikike.

Mama Nabwire alikunywa chai iliyopoa. Kwetu na kwao pia, msichana akishaolewa hakanyagi kwa wazazi wake mpaka aruhusiwe na wakwe, na huweza kupita mavuno mawili, matatu, na kila mtu mle ndani alijua hivyo. Akaweka kikombe chini. "Basi, mzee," akasema. "Mbwa ibaki. Lakini mbwa inataka kuoshwa. Kila mwezi ikiandama, huyu msichana yangu atakuja hapa kuiosha, alale, kesho arudi. Atakayeuliza, mwambieni ni mimi natuma."

Baba hakugeuka kutazama matete, ingawa alijua vizuri nilipo. Aliinama, akamshika Watasema masikio yote mawili, akamwuliza taratibu kwa lugha yetu, "Umesikia?"